Sanamu ya Alison Lapper: tumfundishe aliyechonga au aliyechongwa?

Mwalimu wa Sanaa, Morogoro:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha sanaa za ufundi katika shule ya sekondari, na muhula ujao ninataka kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu vipindi kadhaa juu ya namna wasanii wa leo wanavyouonyesha mwili wa binadamu, hasa mwili usiofanana na ule wa vitabu vya kujifunzia kuchora, ambamo kila mtu ana mikono miwili inayofika katikati ya paja na urefu wa vichwa saba na nusu. Msanii niliyemchagua ni Alison Lapper wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1965 bila mikono na akiwa na miguu mifupi, hali ambayo madaktari huiita fokomelia. Huchora kwa kushika brashi mdomoni, hupiga picha, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kisanii ameutumia mwili wake mwenyewe kuuliza ni nani aliyeamua kwamba umbo fulani ni zuri na jingine ni la kufichwa.

Shida yangu ni hii. Kila ninapotafuta habari zake, kinachotangulia ni sanamu ambayo hakuichonga yeye, yaani *Alison Lapper Pregnant* ya mchongaji Mwingereza Marc Quinn, ile ya marumaru nyeupe inayomwonyesha ameketi uchi akiwa mjamzito, ambayo ilikaa katika uwanja wa Trafalgar jijini London kuanzia Septemba 2005 hadi mwaka 2007. Kazi zake mwenyewe hufuata mbali nyuma, na mara nyingine hazitajwi kabisa. Nikianza na sanamu, ninaogopa wanafunzi watamkumbuka kama mtu aliyekaa ili mwingine amchonge. Nikiiacha, nitakuwa nimewanyima kazi iliyowafanya watu wengi wabishane hadharani juu ya ulemavu na uzuri. Ninyi mnaionaje: sanamu ile ni sehemu ya kazi ya Lapper, au ni ya Quinn peke yake? Na ninawezaje kumfundisha msanii wa namna hii bila kipindi kugeuka mahubiri ya kuwahurumia watu wenye ulemavu? Niongeze kwamba katika darasa hilo yumo mwanafunzi aliyezaliwa na mkono mmoja mfupi, na sitaki awe kielelezo mbele ya wenzake.

Msomaji wa London:

Mwalimu, heshima yako. Sanamu hiyo niliiona wakati nikisoma huku, na jambo la kwanza la kuwaeleza wanafunzi ni mahali ilipowekwa, kwa sababu nusu ya maana yake ilitokana na majirani zake. Uwanja wa Trafalgar ni uwanja wa ushindi wa vita. Katikati umesimama mnara wa Admeri Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, wenye urefu unaozidi mita 50, na pembeni, juu ya misingi mitatu ya mawe, wapo mfalme mmoja na majenerali wawili waliojipatia sifa katika vita vya India. Msingi wa nne, uliojengwa mwaka 1841 ili ubebe sanamu ya Mfalme William IV akiwa juu ya farasi, ulibaki mtupu kwa zaidi ya karne moja na nusu kwa kuwa fedha zilikwisha, na ni mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo ulipoanza kutumika kuonyesha kazi za wasanii wa sasa kwa zamu. Hapo ndipo alipowekwa mwanamke asiye na mikono, tena mwenye mimba, kwa marumaru ya urefu wa mita 3.5 hivi na uzito unaozidi tani 10. Waliolalamika kwamba umbo kama hilo halina nafasi katika uwanja wa mashujaa walisahau kuinua macho: Nelson alipoteza mkono wa kulia vitani Tenerife mwaka 1797, na sanamu yake kule juu ina mkono wa koti usio na kitu ndani. Kumbe uwanja ule ulikuwa na mtu mwenye ulemavu tangu karne ya 19, ila wa kwake ulihesabiwa kuwa nishani.

Kuhusu mwenye kazi, mimi nipo upande wa Lapper, na sababu yangu ni ya tarehe. Alipokuwa akisomea sanaa Brighton, mwalimu wake mmoja alimuuliza kwa nini anaumba miili isiyofanana hata kidogo na wake, kana kwamba anakwepa kujitazama. Swali hilo lilimuuma, lakini ndilo lililomfikisha kwa Venus de Milo, sanamu ya kale ya Kigiriki iliyofukuliwa katika kisiwa cha Milos mwaka 1820 na ambayo sasa iko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Kwa karne mbili watu wameisifia kama kipeo cha uzuri wa kike, nayo haina mikono. Tangu hapo alianza kuufanya mwili wake kuwa mada: akachukua umbo lake kwa plasta, akajipiga picha ambazo mwanga unamwangukia ubavuni kama unavyoiangukia sanamu ya jiwe. Quinn alipomtafuta miaka kadhaa baadaye, hoja kwamba mwili wake na marumaru ya kale ni ndugu ilikuwa imekwisha kutolewa, na aliyeitoa ni yeye.

Jambo dogo la pembeni, kwa sababu wanafunzi watalikuta mtandaoni: wengi hudhani hali yake ilisababishwa na thalidomide, dawa iliyotumiwa na wajawazito na kusababisha watoto wengi kuzaliwa na viungo visivyokamilika. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Uingereza mwaka 1961, miaka minne kabla hajazaliwa.

Fundi Mchongaji, Mwenge:

Ninashukuru kwa mada hii. Mimi ni mchongaji wa mpingo, na ninataka kuongeza jambo la ufundi ambalo wasomi hulipita haraka.

Quinn hakuichonga sanamu ile kwa mikono yake. Umbo la Lapper lilichukuliwa kwa plasta akiwa na mimba ya miezi minane, kisha mafundi wa mawe wa Pietrasanta, mji wa Italia ulio karibu na machimbo ya Carrara, ndio waliolihamishia kwenye marumaru. Sisemi hivi kumshusha, maana wachongaji wakubwa wa Ulaya wamefanya kazi kwa utaratibu huo tangu zamani, na hata katika mabanda yetu fundi mkuu huwaachia vijana kazi ya kupiga msasa na kung'arisha. Lakini tazameni jinsi sifa zinavyogawanywa: mwenye mikono miwili anaitwa mchongaji wa kazi iliyochongwa na mikono ya watu wengine, wakati mwanamke anayeshika brashi kwa meno yake mwenyewe na kuupiga kila mstari yeye anatajwa kama mtu aliyechongwa. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, ningeanzia hapo, kwa sababu wanafunzi wengi huamini kwamba sanaa inakaa vidoleni, na mwenye vidole vichache wanamtoa katika hesabu kabla hajaanza.

Kuhusu jiwe lenyewe, Quinn alianza mfululizo wake wa sanamu za watu waliokosa viungo mwaka 1999, baada ya kuona jinsi watazamaji wa British Museum wanavyoyastaajabia mawe ya Kigiriki yaliyovunjika bila yeyote kuuliza mikono imekwenda wapi. Wazo hilo lina akili, nami ninalikubali. Hata hivyo, marumaru nyeupe iliyong'arishwa ina hila zake. Haina vinyweleo, haina kovu, haina joto wala rangi ya ngozi, na kila kinachowekwa ndani yake hutoka kimetakaswa. Mtu anaweza kuisifia sanamu ya Lapper asubuhi na jioni akahama kiti ndani ya basi ili asikae karibu na mtu kama yeye. Picha alizojipiga mwenyewe hazimpi mtazamaji njia hiyo ya kutorokea, kwa kuwa mle ndani kuna ngozi.

Na kwetu je? Sisi wachongaji tuna sanamu za mashetani, mtindo uliovuma Dar es Salaam tangu kazi za Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950: jicho moja, mguu mmoja, sikio linaloteremka likawa mdomo. Ni ubunifu mkubwa na ninaupenda. Lakini mteja mmoja anayetembelea magongo aliwahi kusimama mbele ya meza yangu, akazitazama kazi zote kwa utulivu, kisha akaniuliza kwa nini katika duka hili kila asiye na mguu ni shetani, na kila binadamu ana viungo vyake vyote. Sikuwa na jibu, na hadi leo sijapata lililo zuri. Lapper, nadhani, anauliza jambo hilohilo kwa Wagiriki.

Msomaji wa Kisauni:

Assalaam alaykum. Nimeyasoma yote, na nimshukuru fundi hasa kwa swali la mteja wake, ambalo lina uzito kuliko makala nyingi nilizosoma. Mimi nilizaliwa bila kiganja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo nina neno na kila mmoja wenu.

Kwa ndugu yetu wa London: hoja ya tarehe ni nzuri, lakini inamfanya Lapper aonekane kama mtu aliyeibiwa wazo, na mimi sioni hivyo. Wanawake walio uchi katika sanaa ya Ulaya huitwa Venus, au Diana, au mwanamke anayeoga, na majina ya wale waliokaa mbele ya msanii mara nyingi yamepotea. Hapa jina la mwanamke ndilo jina la sanamu. Yeye alikubali, alijua anachokikubali, na ilipozinduliwa alijitokeza kuitetea kama heshima kwa uanamke, kwa ulemavu na kwa uzazi. Anayeitetea kazi hadharani namna hiyo hawezi kuhesabiwa kama jiwe lililochongwa tu. Sikatai kwamba umaarufu ulielemea upande mmoja, kwa kuwa Quinn alikuwa na jina kubwa tangu mapema. Lakini ningewaambia wanafunzi kwamba ile ni kazi ya wasanii wawili waliokutana, mmoja akitoa hoja na mwili, mwingine akitoa jiwe, fedha na uwanja.

Halafu nyote mmezungumzia mikono. Kwa maoni yangu kilichowashtua watu zaidi ni mimba. Mtu mwenye ulemavu akiomba msaada, akiimba, au akishinda mbio, watu wanajua wamweke wapi. Akishika mimba, huanza kuulizana ni nani aliyemfanyia hivyo, na mtoto atalelewa na nani. Hapa pwani nimeyasikia maneno hayo yakisemwa kwa sauti ya upole kabisa na watu wenye heshima zao, kuhusu wanawake ninaowajua. Ndiyo maana sanamu ya mwanamke yuleyule bila mimba isingekuwa na nguvu hata nusu. Lapper alimzaa mwanawe, Parys, akamlea. Parys alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 19, na kazi za mama yake za miaka iliyofuata zimebeba msiba huo. Ukitaka wanafunzi wamwone kama msanii kamili, waonyeshe kwamba amechora pia kufiwa, jambo ambalo halihusiani na idadi ya viungo vya mtu.

Lipo jambo moja ambalo ningelitanguliza kuliko sanamu. Alipokuwa mtoto, akilelewa katika taasisi ya watoto wenye ulemavu huko Sussex, alivishwa viungo bandia. Aliona kwamba havikuwepo ili vimsaidie yeye; vilikuwepo ili anayemtazama asishtuke. Akaviacha, akajifunza kuishi na mwili alio nao. Mwenye kuelewa kisa hicho ameelewa kazi zake zote, kwa kuwa katika kila picha anarudia kulikataa vazi lile lililoshonwa kwa ajili ya macho ya wengine. Mimi nami niliwahi kupewa kiganja cha plastiki cha rangi isiyo yangu, nacho kilinifaa siku za harusi tu.

Sasa juu ya huruma. Lapper ni mwanachama wa chama cha kimataifa cha wanaochora kwa mdomo au kwa mguu, kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, ambacho huwalipa wanachama wake kutokana na mauzo ya kadi na kalenda. Sikidharau, ni riziki halali, na wenyewe husisitiza kwamba wanafanya biashara, hawaombi sadaka. Lakini mnunuzi wa kadi ya maua kwa kawaida husifia jinsi ilivyochorwa bila kukitazama kilichochorwa. Huo ndio mtego wa kipindi chako, Mwalimu. Kwa hiyo ninakuomba usiwape wanafunzi zoezi la kushika brashi mdomoni ili waone taabu anayoipata. Watacheka kwanza, watahurumia baadaye, na watatoka darasani hawajaitazama kazi yake hata moja. Isitoshe, watakuwa wamejifunza taabu ya mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza, na si ustadi wa mtu aliyechora hivyo tangu utotoni.

Mwalimu wa Sanaa, Morogoro:

Ninawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Kisa cha viungo bandia kitatangulia, kisha nitawaeleza habari za mafundi wa Pietrasanta, na zoezi la brashi mdomoni halitakuwepo. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, kuna msanii wa upande wetu wa dunia ninayeweza kumweka kando ya Lapper, ili wanafunzi wasidhani mada hii ni ya Ulaya tu? La pili ni la kiutawala: sanamu inaonyesha mwanamke aliye uchi, na mkuu wetu wa shule ni mtu makini katika mambo ya maadili. Nimfikieje?

Mchoraji, Nairobi:

Mwalimu, jina litakalokujia kwanza ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1972, kwa hiyo niseme machache kumhusu, pamoja na tahadhari. Mwaka 2001 alitengeneza mfululizo uitwao *Pin-Up*, wa rangi za maji na vipande vya majarida vilivyobandikwa. Ukizitazama kazi hizo kwa haraka unaona wanawake wa kwenye majarida, wamekaa mikao ya kuvutia; ukikaribia unagundua kwamba huyu hana mguu, na yule mkono umekatika. Ulikuwa wakati wa vita vya Sierra Leone, ambako raia walikatwa viungo, nyuma yake yakiwemo mapambano ya almasi, na Mutu aliuweka ukatili huo ndani ya sura ileile inayotumiwa kuuza vito na urembo. Ni kazi kali, na ninaipenda.

Tahadhari yangu ni kwamba kiungo kilichokosekana katika kazi za Mutu ni jeraha. Kuna aliyekata, na mtazamaji anatakiwa akasirike. Mwili wa Lapper haukujeruhiwa na mtu. Ndivyo ulivyozaliwa, na hauhitaji mtu wa kumlaumu. Ukiwaweka wasanii hawa wawili ukutani siku moja, darasa litaichukua hasira ya picha za Mutu na kuipeleka kwa Lapper, na hapo Lapper atageuka kuwa mtu aliyepatwa na balaa, jambo ambalo amelipinga maisha yake yote. Zaidi ya hayo, yule mwanafunzi wako mwenye mkono mfupi ataketi akisikiliza mkono wake ukitajwa pamoja na mapanga. Mfundishe Mutu, tena kwa kirefu, ila katika kipindi chake, chini ya mada ya vita na matangazo ya biashara.

Fundi Mchongaji, Mwenge:

Ninakubaliana na mchoraji. Kama unataka cha karibu, Mwalimu, waletee darasani sanamu moja ya shetani na moja ya binadamu, uziweke mezani, uwaulize swali la mteja wangu. Halitamlenga mwanafunzi yeyote, kwa sababu linawahusu waliochonga.

Msomaji wa Kisauni:

Hilo la fundi ni zuri. Kuhusu mwanafunzi mwenyewe, usimwite pembeni kabla ya kipindi kumwandaa wala kumwomba ruhusa. Atajua kwamba kipindi kimetungwa kwa ajili yake. Mpe kazi unayowapa wengine. Akitaka kusema jambo, atasema, na asipotaka, anyamaze kama wanavyonyamaza wenzake.

Msomaji wa London:

Nami nijibu la mkuu wa shule. Zipo picha nyingi zilizopigwa kwa mbali, ambazo zinaonyesha sanamu ikiwa juu ya msingi wake, watu wakipita chini na mnara wa Nelson ukiwa nyuma. Kwa umbali huo mtazamaji analiona umbo na uwanja kwa pamoja, na ndivyo wapita njia walivyoiona. Ninakuomba jambo moja tu: usikate picha ibaki kichwa na mabega, kama baadhi ya magazeti yalivyozoea kufanya, kwa sababu ukiikata namna hiyo mimba hutoweka, na dada yetu wa Kisauni amekwisha kueleza kinachopotea nayo. Mwandikie mkuu wa shule mapema, umtajie jina la sanamu, mahali ilipokuwa na miaka iliyokaa, na umwambatishie picha yenyewe. Akiiona ofisini kwake kwa utulivu mnaweza kuzungumza. Akiiona kwa mara ya kwanza ubaoni akipita dirishani, kipindi chako cha pili hakitakuwepo.